Pumzi, Mizani na Baragumu: Kitabu cha Rochut Kikisikilizwa Kurasini

Ushairi wetu wa asili ni ushairi wa kuimbwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliifanya sifa ya kuimbika kuwa sharti, wala si pambo. Miaka ya sabini ilipoingia na mashairi yasiyofuata vina na mizani, mjadala mkali ulizuka, na wengi wetu tumekulia ndani yake. Katika mjadala huo pande zote mbili zilishughulika na maneno: yapangwe vipi, yapimwe au yaachwe huru. Swali moja lilipitwa kando. Je, maneno yakiondoshwa kabisa, ikabaki sauti peke yake, ushairi huwa umeondoka nayo au kuna kitu chake kilichosalia?

Swali hili hujibiwa mara kwa mara katika mitaa ya Kurasini na Temeke, na watu ambao hawajiiti wahakiki. Hao ni wapiga matarumbeta ya harusi. Limejibiwa pia, kwa njia tofauti kabisa, na kitabu cha mazoezi ya tromboni kilichochapishwa New York mwaka 1928. Makala haya yanakusudia kuviweka vitu viwili hivi katika mizani moja. Mwandishi anaamini kwamba kila kimoja kinacho kile ambacho mwenziwe amekikosa, na kwamba mtu mwenye kulijua pengo lililo baina yao kuliko wote ni mpenzi wa mashairi.

Tuanze na kitabu. Marco Bordogni, aliyezaliwa Italia mwaka 1789 na kufariki Paris mwaka 1856, alikuwa mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, aliyeshiriki katika opera za Rossini na baadaye akasomesha uimbaji katika Chuo cha Muziki cha Paris. Kwa ajili ya wanafunzi wake alitunga nyimbo nyingi zisizo na maneno. Mwanafunzi huziimba kwa irabu tupu, ili koo lizowee kuunganisha sauti, kupanda na kushuka bila ya kukwaruza, na kuifikisha pumzi mwisho wa sentensi ya muziki. Johannes Rochut, Mfaransa aliyekuwa mpiga tromboni wa Orkestra ya Boston, alizichukua nyimbo hizo akazihamishia kwenye ala yake. Akatoa juzuu tatu zenye mazoezi 120: 60 katika ya kwanza, 30 katika ya pili na 30 katika ya tatu. Tangu hapo ni nadra kumpata mwanafunzi makini wa tromboni, eufoniamu au tuba, katika vyuo vya Marekani na kwengineko, ambaye hajapita katika kurasa hizo.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini mazoezi ya mwimbaji yapewe ala nzito za shaba, na si filimbi au fidla? Jibu limo katika maumbile ya ala zenyewe na katika kazi zilizopewa. Tromboni ya kawaida ikinyooshwa ni bomba la karibu mita 2.7, tuba kubwa hukaribia mita 5.5. Kulijaza bomba la namna hiyo kunataka pumzi nyingi na tulivu. Juu ya hayo, tromboni haina vitufe kama tarumbeta. Ina mrija wa kuvuta na kusukuma, wenye vituo saba, na baina ya kituo na kituo mkono hupita njia nzima. Mpigaji asipoufanya ulimi wake laini na mkono wake mwepesi, sauti huburutika baina ya noti mbili kama jongoo baina ya mawe. Kuunganisha sauti pasina kuiburuta ndio mtihani wa kwanza wa ala hii, na hakuna awezaye kuufaulu kwa kupiga madaraja ya noti peke yake. Lazima awe na wimbo kichwani.

Ama kazi zilizopewa ala hizi, huko ndiko kwenye dhulma. Katika bendi ya gwaride, tarumbeta na klarineti hupewa wimbo. Tromboni hujaza kati, na tuba huachiwa kuhesabu hatua za askari: bum, bum, bum. Mpigaji wa sauti nzito ni hamali wa bendi. Hubeba mzigo wa wote, na akitua hakuna anayeuliza alikuwa amebeba nini. Mtu anaweza kuitumikia bendi miaka ishirini asipige sentensi moja nzima ya wimbo. Fadhila kubwa ya kitabu cha Rochut ni kwamba kinampa hamali huyu ulimi. Kwa dakika chache kila siku, yeye ndiye mwimbaji.

Namna ya kuyatumia mazoezi haya imekuwa ni mila ya walimu. Kwanza mwanafunzi huuimba wimbo kwa sauti yake mwenyewe, hata kama sauti hiyo haina uzuri. Kisha huupiga kwa kidomo cha ala peke yake, midomo ikivuma kama nyuki, mpaka wimbo usikike humo. Mwisho ndipo hukipachika kidomo kwenye ala. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika Orkestra ya Chicago kuanzia 1944 hadi 1988, na ambaye mapafu yake mwenyewe hayakuwa na afya kamili, aliyafupisha mafundisho yake yote katika mambo mawili: wimbo na pumzi. Alimtaka mwanafunzi asiwaze misuli ya tumbo wala ya midomo. Awaze jinsi wimbo unavyotakiwa usikike, mwili utafuata. Mshairi yeyote wa pwani angelitikisa kichwa kukubali, kwani ndivyo mghani wa utenzi anavyomfunza mwanawe: sikiliza kwanza, ukishaisikia bahari, maneno yatajipanga.

Inafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay na kurikodi sauti yake katika santuri. Matukio haya mawili hayakujuana, lakini yakiwekwa pamoja yanasema kitu. Huku, wimbo ulitolewa katika koo la mwimbaji ukatiwa katika bomba la shaba, na maneno hayakuwapo tangu mwanzo. Kule, wimbo ulitiwa katika santuri pamoja na maneno yake yote, na maneno hayo ndiyo yaliyowafanya watu wakusanyike mbele ya kinanda. Rochut aliamini kuwa umbo la sauti linajitosheleza. Siti, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimbia watu waliokuja kutafuta fumbo. Baina ya imani hizi mbili ndipo anaposimama mpiga tarumbeta wa Kurasini.

Wala tusidhani kuwa baragumu nzito ni mgeni kwetu. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, ambayo urefu wake unazidi mita 2, ni mababu wa ala hizi. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na noti zake ni chache. Haikukusudiwa kuimba, ilikusudiwa kutangaza kuwa mtu wa daraja anaoa, anatahiri au anatawala. Hapa Unguja, Mwinyi Mkuu wa Dunga naye alikuwa na siwa na ngoma zake za enzi. Kwa hivyo sauti nzito ya pembe pwani ilikuwa sauti ya cheo. Wimbo ulikuwa kazi ya zumari, ambalo mpigaji wake huvimbisha mashavu na kuvuta hewa puani huku akiendelea kupuliza, hata sauti isikatike tangu mwanzo wa ngoma hadi mwisho. Ni ufundi mkubwa, lakini una sharti lake: zumari halina kituo cha pumzi. Linatiririka kama mfereji, na anayetaka kusikia mshororo unaishia wapi humtegemea muimbaji au mpiga ngoma.

Halafu likaja beni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, ameeleza jinsi watu wa miji ya pwani walivyolichukua gwaride la kizungu, sare na vyeo vyake, wakalifanya ngoma ya mashindano, hata Marini na Arinoti wakagawana mitaa kutoka Mombasa mpaka Dar es Salaam na bara. Humo tarumbeta za shaba ziliingia mikononi mwa wenyeji kwa starehe yao wenyewe, na humo zilikutana na mashairi ya kujibizana. Beni la harusi la Unguja, linalopita vichochoroni na watu wakilifuata kwa kuimba, ni tawi la mti huo. Matarumbeta ya harusi ya Dar es Salaam nayo yanakua chini ya kivuli chake, ingawa yamenyweshelezwa pia na bendi za jeshi na polisi, na mabendi ya makanisa.

Sasa tuvuke maji. Kurasini ni kata ya bandari, iliyokaa kando ya Barabara ya Kilwa, baina ya gati na viwanja vya maonyesho ya Sabasaba. Humo mna kambi na chuo cha polisi, mna mabohari, mna gati ya mafuta, na tangu mwaka 2016 mna daraja linaloiunganisha na Kigamboni. Masikio ya mtu wa hapo yamezowea sauti nzito: honi za meli, malori ya makontena, na matuba ya bendi za gwaride siku za sherehe za taifa kwenye viwanja vya Temeke vilivyo jirani. Mwishoni mwa wiki huja sauti nyengine. Gari la wazi hupita polepole, nyuma yake wamesimama vijana wenye tarumbeta mbili tatu, tromboni moja au mbili, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi, na nyuma ya gari hilo wanawake waliovaa sare wanacheza. Mahala ambapo zamani mdundiko wa Wazaramo ulimsindikiza mwari, leo shaba inasindikiza.

Vijana hao wanapiga nini? Wanapiga nyimbo za taarab, za dansi, za injili na za kizazi kipya, nyingi wakiwa wamezishika kwa masikio. Hawana karatasi mbele yao, wala hawana mwimbaji. Nyimbo wanazozipiga zina maneno mashuhuri, na wanaocheza wanayajua. Basi shaba inatamka umbo la mshororo, na hadhira inalivisha maneno. Mara nyengine wanawake huyaimba. Mara nyengine hunyamaza na kucheka tu, kwa sababu fumbo limempata aliyekusudiwa na hapana mtu aliyelitamka. Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata jibu lake la kwanza. Maneno yameondoshwa, na ushairi haukuondoka. Umehamia katika kumbukumbu ya wasikilizaji, na umezidi ukali, kwani tusi lisilo na msemaji halina wa kushtakiwa.

Hata hivyo mhakiki asiye na jicho ni mshangiliaji tu, na matarumbeta haya yana kasoro inayomuuma kila apendaye shairi. Kasoro hiyo ni pumzi. Mpigaji hupuliza kwa nguvu ili awashinde magari na ngoma. Hewa humwishia popote inapomwishia. Hapo hukata, akavuta nyengine, akaendelea. Tuchukue mfano wa mshororo uliotungwa kwa ajili ya makala haya tu, wenye mizani 16: *Pumzi ni mali ghali, usiimwage njiani*. Ukwapi una mizani nane, utao una mizani nane, na baina yao pana mahala pa halali pa kupumua. Mpigaji ambaye hewa yake inamwishia kwenye mizani ya kumi atakata baada ya "usi", kisha ataanza upya na "imwage njiani". Msikilizaji anayeyajua maneno atasikia ameamrishwa jambo lile lile alilokatazwa. Kosa la pumzi limekuwa kosa la maana, na limetokea pasipo neno hata moja kutamkwa.

Tromboni ndiyo yenye hasara kubwa zaidi katika hali hii. Kwa kuwa bomba lake linakula hewa zaidi, mpigaji wake huchoka mapema, na kwa kuwa huchoka mapema huachiwa kupiga noti moja moja za chini. Hivyo gari la harusi linarejea mpango ule ule wa gwaride: tarumbeta anaimba, tromboni anabeba. Sauti ambayo kwa maumbile yake iko karibu kabisa na kifua cha mwanamume anayeghani ndiyo inayonyimwa wimbo.

Kwa maradhi haya, mazoezi ya Bordogni na Rochut ni dawa ya haki. Yanamfunza mpigaji kutazama mbele, kujua sentensi itaishia wapi kabla hajaianza, na kupima hewa kwa urefu wa safari. Yanamfunza kwamba pumzi ni sehemu ya wimbo, kama vile nukta ilivyo sehemu ya maandishi. Yanamfunza pia kupiga kwa sauti ya wastani, jambo ambalo mtaani huonekana kama udhaifu, ilhali ndilo linaloijenga nguvu inayodumu. Mtu aliyeyafanya mazoezi haya kwa subira, akirejea kwenye gari la harusi atapiga mshororo mzima kwa pumzi moja, na ataivuta nyengine pale mtunzi alipoacha mlango wazi.

Lakini dawa hii nayo ina uchungu wake. Kwanza, Bordogni alitunga nyimbo hizi zikisindikizwa na piano, ilhali kitabu cha Rochut kimechapa wimbo peke yake. Mwanafunzi anayejifunza bila ya mwalimu husikia upande mmoja wa mazungumzo, na hajui kwa nini noti fulani inauma na nyengine inatuliza. Pili, umbo la sentensi zake ni la Kiitaliano cha opera: limejaa mapambo, linapenda kusita kileleni na kushuka kwa madaha. Ni zuri, lakini silo letu. Lugha yetu huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na waghani wetu hupenda kuivuta sauti mwisho wa kipande, kwenye kina. Mwanafunzi wa Kurasini akilishwa Bordogni peke yake miaka mitatu, ataipiga taarab kama mgeni anayesoma Kiswahili kwa lafudhi ya mbali: kila herufi iko mahala pake, na bado mtu anahisi kuwa maneno hayakutoka nyumbani.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, nyimbo hizi hazikuwahi kuwa na maneno. Hakuna kumbukumbu nyuma yake. Mpigaji anaweza kuzifanya laini kama hariri na asiseme kitu. Walimu wazuri wanalijua hilo, na ndio maana wengine humtaka mwanafunzi abuni maneno yake na kuyaimba kabla ya kupiga. Wanatafuta kwa juhudi kile ambacho kijana wa matarumbeta amepewa bure na mtaa wake.

Ikiwa hivyo ndivyo, kazi iliyobaki iko wazi, na inatuhusu sisi wenye diwani zaidi kuliko wenye noti. Bahari zetu ni hazina ya mazoezi ambayo hayajaandikwa. Utenzi, wenye mizani nane kwa kila kipande, ni zoezi la pumzi fupi na la usawa: beti mia moja ndefu zikipigwa kwa tromboni bila ya kuharakisha zingelimtuliza mpigaji mwenye papara. Wimbo wa mizani kumi na mbili, sita kwa sita, unamfunza kugawa hewa nusu kwa nusu. Shairi la kumi na sita linamwomba avuke kina cha kati pasina kukivunja, na hapo asiyejua kuunganisha sauti hujulikana mara moja. Ukawafi, wenye mizani kumi na tano iliyogawika sita, nne na tano, ni mtihani wa wakubwa, kwani vipande vyake havilingani na pumzi haina budi kulingana navyo. Sauti za kughania bahari hizi zipo Pemba, Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu. Zikiandikwa kwa ala za sauti nzito, pamoja na maneno chini ya noti na alama za pumzi mahala pa vina, tutakuwa na kitabu ambacho Rochut hakuweza kukiandika. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 2001, na Taasisi ya Sanaa Bagamoyo ni mahala panapostahiki kazi hiyo.

Najua patakuwa na wapinzani wa aina mbili. Wa kwanza watasema kwamba tromboni ni chombo cha kikoloni, na kwamba kukipa ukawafi ni kumvalisha babu kofia ya askari. Kwao jibu ni fupi: fidla nayo ilitoka mbali, na leo hakuna anayeweza kuifikiria taarab ya Unguja bila yake. Chombo huwa chetu siku kinapoanza kusema kwa pumzi zetu. Wa pili watasema kwamba sauti isiyo na maneno si shairi, hata ikipimwa vipi. Hawa wana hoja nzito, na sitaki kuwapuuza. Ni kweli kwamba mtu asiyeujua wimbo, akilisikia gari la Kurasini linapita, atasikia furaha na hatasikia fumbo. Shaba haitunzi maneno; inayaamsha tu kwa anayeyajua. Kwa hivyo siku ambayo hadhira itayasahau, mpigaji hodari kuliko wote atabaki na Bordogni mikononi: sauti nzuri isiyo na habari.

Hilo ndilo jambo linalostahiki kutushughulisha. Vijana wa matarumbeta wanaweza kufundishwa pumzi, na kitabu cha kuwafundishia kipo tangu 1928, pamoja na kasoro zake. Kumbukumbu ya mishororo haifundishwi kwa kidomo wala kwa mrija. Hiyo inatunzwa na wanaosoma, wanaoghani na wanaokariri, na tromboni ya Kurasini itaweza kuimba kwa muda ule tu ambao barazani na majumbani mwetu bado yupo mtu anayeyajua maneno.